Figo za Akinyi

Jumatatu, 12 Mei

Samaki kutoka Sori, ziwani, walichelewa kufika kibandani kwangu hapa Migori. Nikaanza na mayai ya kuchemsha na maharagwe. Madereva wa malori ya Isebania hawapendi kungoja, na kibanda cha jirani kinauza chapati za moto. Hata hivyo walingoja. Samaki walipofika nilikaanga mfululizo mpaka mgongo ukauma.

Nyumbani kimya. Baba Akinyi alikula bila kusema neno. Amekuwa hivi tangu tumzike kaka yake, Okoth, kule kwao karibu na Rodi Kopany. Figo za Okoth zilikufa. Karibu mwaka mzima alikuwa akipelekwa Homa Bay kusafishwa damu kwa mashine, na mume wangu ndiye aliyempeleka. Alikuwa akimshika kwapani kumshusha kwenye gari. Sasa anakaa karakanani akipiga randa mbao mpaka giza linaingia. Vitanda viko vingi kuliko wanunuzi.

Watoto wazima. Akinyi, mwenye miaka minane, amechaguliwa kukimbia mbio za shule. Omondi ana miaka minne. Yeye kazi yake ni kula.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu wa Akinyi alipiga simu mchana, mafuta yakiwa motoni. Watu wa afya walikuja shuleni kupima watoto. Macho, uzito, mkojo. Mkojo wa Akinyi una protini kidogo. Nisiogope, alisema, ila nimpeleke hospitali apimwe tena. Kidogo tu, akarudia.

Sikuogopa. Nilishusha karai, nikaketi. Ndipo nikaogopa.

Nilimwambia Baba Akinyi jioni. Aliinuka kabla sijamaliza, akaenda duka la dawa lililo karibu na karakana yake kuuliza protini ni nini. Akaambiwa ni nyama, samaki, mayai, maziwa, maharagwe, dengu, hata dagaa wa omena. Akaambiwa pia kwamba ikionekana kwenye mkojo, mtoto anakula nyingi kuliko figo zinavyoweza, na inayozidi ndiyo inamwagika.

Alirudi uso umebadilika. "Ni sisi tunamlisha hivi," alisema. Kisha, "Hata Okoth walimkataza nyama na maharagwe."

Ni kweli walimkataza, kabla ya kuanza mashine. Nakumbuka mke wake akilia kwa sababu hajui ampikie nini. Maneno ya duka la dawa yalionekana kuwa na akili.

Nilimtazama Akinyi akilala. Analala kama mtoto mwingine yeyote. Mdomo wazi.

Jumamosi, 17 Mei

Baba Akinyi ameamua. Alituita mezani asubuhi, akasema kwa upole, hakupaza sauti. Kuanzia leo watoto hawali samaki, nyama, mayai, maziwa wala maharagwe. Omena pia hapana. Watakula ugali, sukuma wiki, viazi, ndizi, matunda. Maji mengi. Omondi pia, maana damu ni moja.

Nilisema mwalimu ameshauri hospitali, hakusema tubadilishe chakula. Akasema hospitali atampeleka, lakini kwanza figo zipumzike. Nilisema mtoto anakua, anahitaji nguvu. Aliniangalia.

"Mama Akinyi, wewe umezika ndugu wangapi?"

Hakuna. Sijazika hata mmoja.

Akinyi aliuliza kama atakufa. Baba yake akamwambia hapana, ndiyo maana tunabadilisha chakula. Akinyi akatikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima. Sikupenda vile alivyotikisa.

Jumatano, 21 Mei

Ninakaanga samaki mchana kutwa kwa ajili ya watu nisiowajua. Ninawapakulia maharagwe wanaume wa kupakia mizigo, kijiko kimoja, viwili, na wengine wakiomba mchuzi naongeza. Halafu naenda nyumbani kuwapa wanangu ugali na sukuma na chai ya rangi.

Nguo zangu zinanuka samaki. Omondi akinikumbatia ananusa kanga yangu, anauliza yuko wapi. Samaki. Anadhani nimemficha.

Mimi na baba yao pia tumeacha kula vitu hivyo nyumbani. Yeye aliacha mwenyewe. Mimi nakula kibandani nikiwa nimesimama, nimewapa watu mgongo. Nina hasira. Sijui hasira yenyewe naielekeza kwa nani. Huyu mtu hanywi pombe, hanipigi, anawapenda watoto wake kupita kiasi. Ningekuwa na mume mbaya ningejua la kufanya.

Nilimwuliza juu ya hospitali. Akasema wiki ijayo. Najua hataki kukanyaga pale Homa Bay tena. Ningeweza kumpeleka hapa hapa Migori, lakini mwalimu anasema kule Homa Bay kuna daktari wa watoto anayejua mambo ya figo, na mimi nataka anayejua.

Jumapili, 25 Mei

Nilikwenda Isebania na watoto kumwona mama yangu. Baba Akinyi alibaki. Nikiri hapa kwa kuwa ni shajara yangu: nilikwenda kwa nia. Nilitaka wale.

Sisi Wakuria mgeni hapewi chai kwanza. Mama alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akamimina vikombe viwili. Omondi alikunywa, akalamba kikombe, akaomba kingine. Akinyi aliweka mikono mgongoni.

"Kunywa, mama," bibi yake akamwambia.

"Siwezi. Nikinywa nitakufa kama Baba Mkubwa Okoth."

Mama yangu alinitazama mimi, si mtoto. Nilipiga magoti mbele ya Akinyi, nikamwambia kikombe kimoja hakina neno. Akaanza kulia. Hakulia kwa deko. Alilia kwa woga, akamwambia Omondi atapike. Alimshika mdogo wake shingoni akijaribu kumwingiza kidole mdomoni. Nilimtoa kwa nguvu.

Mama alimwaga yale maziwa yaliyobaki kwa mbwa, nje, ili Akinyi asiyaone. Tulipokuwa tukiondoka aliniambia jambo moja tu, kwa Kikuria, kwamba mtoto anayeogopa sahani tayari ni mgonjwa.

Nilikuwa nafikiri shida yetu ni chakula.

Ijumaa, 30 Mei

Mwalimu tena. Akinyi aliketi chini katikati ya mazoezi ya mbio akasema miguu imeisha. Wamemwondoa kwenye mbio. Pia wamegundua kwamba githeri ya shule huwa anachambua maharagwe yote na kumpa mwenzake, anabaki na mahindi. Amefanya hivyo siku zote hizi. Mwalimu aliuliza kwa heshima kama nyumbani kuna tatizo. Nilisema hakuna. Nikaona aibu, nikasema lipo.

Sketi yake ya shule imeshikiliwa na pini.

Nilikwenda moja kwa moja karakanani. Sijawahi kugombana na mume wangu mbele ya watu. Leo niligombana. Nilimwambia mtoto anakonda mbele ya macho yake. Akasema Okoth pia alikonda, kwa hivyo ugonjwa unaendelea, kwa hivyo tupunguze zaidi. Zaidi! Hata viazi sasa anavishuku. Ndipo nikasema:

"Okoth amekufa, Baba Akinyi. Usimfanye binti yangu kuwa Okoth."

Wale mafundi wengine waliacha kazi. Yeye aliendelea kushika ubao, ameushika tu, hauendi mbele wala nyuma. Nikaondoka.

Hakuja kula.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia Baba Akinyi kwamba nitampeleka mtoto Homa Bay wiki ijayo, apende asipende, aje asije. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

Akasema, "Tutaenda wote."

Tu.

Nilipiga simu kule. Muuguzi aliyepokea alikuwa na subira. Alisema tulete mkojo wa kwanza wa asubuhi, mara tu mtoto anapoamka, kabla hajakimbia wala kucheza. Aliuliza siku ile ya shuleni walimpima saa ngapi. Nilisema mchana, baada ya mazoezi. Akasema "aha" kisha akasema daktari ataeleza. Ile "aha" nimeibeba siku nzima. Nimeigeuza huku na huku. Sijui ni ya heri au ya shari.

Jumatatu, 9 Juni

Tumelala Rodi Kopany kwa mama mkwe, ili kesho tuwe karibu. Nimefunga kibanda. Wateja watanung'unika. Wanung'unike.

Watoto wanamwita Dana, yaani bibi, na mimi namwita Mama. Kiswahili chake ni kidogo na Kijaluo changu ni kidogo, tunakutana katikati. Alikuwa amechinja kuku. Mwanawe akamwambia kwamba watoto hawali, na akaeleza kwa nini. Alieleza kwa Kijaluo, kisha mama mkwe akanijibu mimi kwa Kiswahili, nafikiri alitaka nisikie.

"Okoth alikula nini, mimi sijui? Mimi ndio nilipika. Samaki ilikuwa ya wageni. Nyama ilikuwa ya Krismasi. Hawa watoto nililea na mboga na ugali. Sasa hiyo protini yenu ilitoka wapi?"

Mama mkwe akaendelea kumnyonyoa kuku. Akasema mumewe, baba wa Okoth, naye hakuugua kitu, alikuwa akilima asubuhi, akashika kichwa, akaanguka, kufika jioni hayupo. Nilijua alikufa ghafla, sikujua ni hivyo.

Kuku tulikula watu wazima. Akinyi alikula mboga akitazama chini. Dana wake alinawa mikono akaingia ndani, hakutoka tena.

Jumanne, 10 Juni

Nataka kuandika yote kabla sijasahau.

Akinyi aliamka, akakojoa kwenye kichupa, nikakifunga kwa kitambaa kama kitu cha thamani. Kwenye geti la hospitali Baba Akinyi alisimama. Watu walitupita. Nilimwacha asimame. Akinyi ndiye aliyemshika mkono, akaingia.

Daktari ni mwanamke kijana, mwembamba, sauti ya chini. Alianza kwa Kijaluo, alipogundua mimi ni Mkuria akahamia Kiswahili, na hakurudi nyuma hata mara moja. Nilimpenda kwa hilo. Alimpima Akinyi urefu, uzito, presha. Alibonyeza miguu kuona kama imevimba. Walichukua mkojo, damu, wakampiga picha ya tumbo kwa kile kifaa cha kupaka mafuta baridi. Akinyi alicheka mara moja kwa sababu ya baridi. Sikuwa nimemsikia akicheka muda mrefu.

Tulingoja. Kungoja kulikuwa kubaya kuliko yote.

Daktari alituita. Mkojo wa asubuhi hauna protini. Figo kwenye picha ni mbili, nzuri, saizi ya umri wake. Damu ni safi. Akasema mtoto akikimbia sana, au akiwa na homa, au hata akisimama muda mrefu, protini kidogo inaweza kuonekana kwenye mkojo na ikaondoka yenyewe. Ndiyo maana hupimwa tena asubuhi. Atampima mara moja zaidi baadaye, kwa usalama, lakini haoni ugonjwa wowote.

"Anachoumwa huyu ni njaa," alisema. Hakusema kwa ukali.

Baba Akinyi aliuliza ile protini ilitoka wapi basi, kama si kwenye samaki. Daktari akasema protini ya kwenye mkojo ni ya mwili wenyewe, ile inayotakiwa kukaa kwenye damu. Si maharagwe yaliyozidi yakamwagika. Jina ni moja, watu wanachanganyikiwa, si yeye wa kwanza.

"Na figo hazichoki? Akila kila siku?"

"Akila samaki au maharagwe, figo zake zinachuja kwa kasi zaidi kwa muda, kisha zinarudi mwendo wake. Hiyo ni kazi yake. Ukipanda kilima moyo unaenda mbio. Si kwamba unaumwa."

"Lakini Okoth walimkataza."

Daktari aliuliza Okoth ni nani. Mume wangu alimweleza yote, mpaka kwenye mashine na kumshika kwapani. Daktari alingoja mpaka amalize. Kisha akasema kwamba figo za Okoth zilikuwa tayari zimeharibika, na mgonjwa wa namna ile hupunguziwa mzigo. Ni sheria ya mgonjwa. Haimhusu mtoto mzima anayekua. Akasema hatadai kwamba kila kitu kinajulikana, watu bado wanachunguza wale wanaokula protini nyingi kupindukia, na zile poda za makopo za kujaza misuli mtoto hana haja nazo. "Lakini samaki wa nyumbani, yai, maharagwe, maziwa, kwa mtoto mwenye figo nzima, sijaona ushahidi kwamba vinaharibu. Watoto waliokosa vitu hivyo ndio ninaowaona hapa kila wiki."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshika mkoba.

Akamgeukia mume wangu. "Baba Akinyi, kaka yako figo ziliharibiwa na nini? Waliwaambia?"

Alisema hajui. Kisha akasema, presha, nafikiri walitaja presha.

"Na baba yenu?"

Akamweleza vile mama mkwe alivyosema jana. Kichwa, shamba, kuanguka.

Daktari alifunga kile kitambaa cha kupimia presha kwenye mkono wa mume wangu. Kikajaa hewa, kikapumua. Akampa dakika za kupumzika, akapima tena, mkono wa pili. Akamwomba akatoe mkojo. Kile kijiti kilibadilika rangi mbele yetu sote, nami sasa najua rangi ile maana yake nini.

Mume wangu ana presha ya juu, na protini kwenye mkojo wake. Yeye. Wiki zote hizi alikuwa akilinda figo za mtoto.

Daktari alisema inaweza kuwa mapema bado. Akampa dawa za kuanza, akachukua damu, akasema majibu yatatumwa hospitali ya Migori. Chumvi ipungue. Arudi kupimwa bila kukosa.

Tulipotoka nje aliketi kwenye ukuta mfupi wa maua. "Sisikii kitu chochote," alisema. "Niko sawa kabisa." Nilimwambia najua.

Alhamisi, 12 Juni

Nilifikiri tukirudi na habari njema Akinyi atakula. Hakula. Nilimpikia samaki mdogo wa ngege na mchuzi wa nyanya, akasukuma sahani. Kwake yeye daktari ni mgeni. Baba ndiye aliyesema chakula kinaua, na baba hasemi uongo.

Nilimwambia Baba Akinyi, hili ni lako, mimi siwezi kulimaliza.

Alivuta kiti akaketi karibu na binti yake. Yeye si mtu wa maneno.

"Akinyi, nilikosea."

Akinyi alimtazama.

"Nilikuambia samaki ataharibu figo zako. Si kweli. Niliogopa, nikasema kitu nisichokijua."

"Uliogopa nini?"

"Baba Mkubwa wako alikufa na mimi sikuweza kufanya kitu. Nikataka kufanya kitu."

Mtoto alifikiri. Unaweza kuona anavyofikiri, anakunja pua. Kisha akauliza, "Na wewe utakula?"

Akasema ndiyo. Alimega mgongo wa samaki, akala, akatafuna polepole huku binti yake akimwangalia shingoni, kama anangoja kuona kitakachotokea. Hakuna kilichotokea. Akinyi akachukua kipande kidogo, kidogo mno, akakiweka kwenye ulimi, akakaa nacho. Omondi wakati huo alikuwa amekwisha maliza chake na anatafuta cha dada yake.

Alikula nusu. Nusu inatosha.

Nilikwenda kuosha vyombo nje ili nilie.

Jumatano, 18 Juni

Majibu ya Baba Akinyi yamefika. Figo zake zimeanza kuguswa. Kidogo. Nimechoka na neno kidogo. Daktari wa hapa Migori alisema zikitunzwa zinaweza kwenda miaka mingi, na kutunza maana yake ni dawa kila siku, presha ishuke, chumvi ipungue, asinywe dawa za maumivu ovyo. Aliuliza kuhusu hizo dawa za maumivu. Mume wangu huzinywa kama njugu, kwa sababu ya mgongo. Sasa basi.

Aliuliza mwenyewe kama aache samaki na maharagwe. Akaambiwa ale kawaida, asirundike, wakiona haja ya kupunguza watamwambia wao.

Nyumbani alivitazama vile vidonge. Akasema anaumwa nini hasa, mbona hasikii kitu, mbona anywe dawa mtu mzima wa afya. Nilitaka kumpigia kelele. Nikamwambia tu kwamba Okoth pia hakusikia kitu mpaka miguu ilipovimba. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosema chai iko tayari. Akanywa.

Sasa anayeogopa ni mimi. Nikimwona anainama kuokota kitu namhesabia pumzi. Nimeelewa alivyokuwa akimwona Akinyi. Sitamlaumu tena kwa lile.

Chumvi nimepunguza. Mboga haina ladha, kusema kweli. Nimejaribu ndimu na dania na kitunguu kingi. Watoto wamekunja uso. Kibandani sijapunguza, madereva wangeniacha siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 23 Juni

Akinyi alirudi shuleni akasema amekula githeri yote. Aliniambia akiwa amenipa mgongo, akivua viatu, kama habari isiyo na uzito. Nikajibu vizuri, nikaendelea kupepeta mchele. Pini ya sketi bado ipo. Mbio zenyewe zilipita bila yeye. Alilia kidogo juu ya hilo, kisha akaacha.

Baba Akinyi alipima presha hapa mjini. Imeshuka, si sana.

Amempigia simu dada yake aliyeolewa Takawiri, na mke wa Okoth, na mama yake. Wote amewaambia neno lile lile: nenda ukapimwe, wewe na watoto wakubwa. Dada yake alimcheka. Akampigia tena. Mama mkwe amekubali kwenda kituo cha afya iwapo mwanawe mwenyewe atampeleka. Atampeleka Ijumaa.

Jumapili, 29 Juni

Mvua tangu tutoke kanisani. Hatukwenda popote.

Mama mkwe naye ana presha. Amepewa dawa. Anasema kidonge ni kichungu, anakinywa na uji.

Baada ya chakula Baba Akinyi aliniita nikakae naye kwenye benchi mlangoni. Watoto walikuwa ndani wakigombania blanketi. Tulitazama maji yakikimbia kwenye mtaro. Nilifikiri anataka kuniambia jambo la ugonjwa, nikajiweka tayari.

Alianza kuniambia juu ya Okoth walipokuwa wadogo. Siku moja katekista, mwalimu wa dini, alikuwa aje kula, na mama yao akapata samaki mmoja mkubwa kwa ajili yake. Wao wawili wakaiba kipande cha katikati wakakila nyuma ya nyumba. Okoth, ili sufuria isionekane imepungua, akatumbukiza jiwe kwenye mchuzi. Mama akapakua gizani gizani, na katekista akapata jiwe. Katekista aliligonga na kidole, akaligeuza, akasali juu yake tena, kisha akauliza kwa adabu kama linaliwa pamoja na ngozi yake.

"Okoth alisema ndiyo," mume wangu alisema. "Alimwambia ndiyo."

Akacheka. Alicheka mpaka akashikilia ukuta, mpaka watoto wakachungulia mlangoni kuona baba yao ana nini. Machozi yalimtoka akayafuta kwa mkono wa shati, yakatoka tena, akaacha kuyafuta.

Nilikaa naye. Mvua iliendelea.